Jina la Ugonjwa Kwanza, Dawa Nyuma



Katika gazeti letu tunazoea kuandika juu ya masomo, mupira na kwaya. Mara hii tuandike juu ya bustani na nyama wa nyumbani, kwa sababu wengi kati yetu tunasoma kwa nguvu ya vitu hivyo. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bure tangu 2019, lakini sekondari inaomba feza. Na kwa jamaa nyingi za Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, feza hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa mama anayeuza lenga-lenga na sombe sokoni. Inatoka kwa kuku wa lupango na kwa nguruwe wa kibanda cha nyuma ya nyumba. Nguruwe watatu wakikufa katika juma moja, mutoto mumoja anaweza kurudishwa nyumbani mbele ya mitihani. Tena sisi wote tunakula mboga zile, hata wasiokuwa na shamba.

Kuna desturi moja inayotudanganya. Mutu anaona majani yenye matundu, ao kuku anayesinzia, mara moja anakimbia sokoni: "Nipe dawa." Muuzaji haulizi ni dawa ya nini. Anapima unga kidogo ndani ya mufuko wa nailoni usiokuwa na jina, anapokea feza, mambo imekwisha. Kesho kuku anakufa vilevile. Kesho kutwa lenga-lenga yenye dawa iko sokoni, na jioni iko ndani ya sahani.

Neno letu leo ni moja tu: ujue jina la ugonjwa kwanza, dawa itafuata nyuma. Na mara nyingi, ukiisha kujua jina, utaona kama dawa ya kununua haiko ya lazima, ao haiwezi kusaidia hata kidogo.

1. ADUI WA NAMNA TANO

Tuliyojifunza katika biolojia tuyatumie shambani. Vitu vinavyoharibu mboga na nyama tunaweza kuvigawanya katika makundi haya:

a) Wadudu tunaoona kwa macho: viwavi, panzi, vidudu vinavyonyonya maji ya majani, kupe, chawa wa kuku. Dawa ya wadudu inaweza kuwaua.

b) Minyoo. Kuna minyoo ya tumbo ya nyama, kuna pia minyoo midogo sana ya udongo inayoitwa nematodi. Ngoa muti wa tomati uliodumaa. Ukiona mizizi iko na vinundu vinundu, ni wao.

c) Ukungu. Unapenda maji na kivuli. Unaleta madoa, unga mweupe ao kuoza.

d) Bakteri. Ni viumbe vidogo vinavyoonekana kwa mikroskopi. Kwa nyama, antibiotiki inaweza kuvipiganisha. Kwa mboga, mara nyingi hakuna dawa ya kuponyesha.

e) Virusi. Ni vidogo kupita bakteri. Hakuna dawa inayoviua ndani ya muti wala ndani ya kuku. Kuna kukinga tu: chanjo kwa nyama, mbegu safi na zenye nguvu kwa mboga.

Angalieni vizuri matokeo yake. Dawa ya wadudu haiui ukungu. Tetrasiklini haiui virusi. Basi mutu anayewapa kuku tetrasiklini kwa ugonjwa wa virusi amepoteza feza yake, na mbaya zaidi, anafundisha bakteri kuzoea dawa. Siku mutoto wake atakapougua kwa bakteri, dawa ile itakuwa imepungua nguvu.

2. KATIKA BUSTANI

Kisangani iko karibu kabisa na mustari wa ikweta. Mvua ya mwaka inapita milimita 1.500, na hatuna kiangazi kirefu kama wandugu wa Lubumbashi. Kwa hiyo majani yetu yanakaa na maji siku nyingi, na ukungu unafurahi. Mutu wa hapa hawezi kulima kwa kitabu cha inchi kavu.

Tuanze na lenga-lenga. Ukigeuza jani na kuona vidonda vyeupe chini yake, sawa unga uliogandamana, ni ukungu. Usikimbilie dawa ya wadudu. Ngoa miti ile inayougua, uipeleke mbali na bustani. Panda kwa nafasi, upepo upite katikati. Inua matuta ili maji yasituame. Mwanga maji asubuhi, si jioni, na uyamwange chini kwenye udongo kuliko juu ya majani. Hivi jani litakauka mbele ya usiku.

Ukiona majani yamekunjwa na kufungwa kwa nyuzi nyembamba, fungua: ndani utakuta kiwavi kidogo cha kijani. Katika tuta dogo watoto wawili wanaweza kuondoa viwavi hivyo kwa mukono katika nusu saa ya asubuhi, na kuvipa kuku. Kwa vidudu vinavyonyonya na kukaa kundi kundi chini ya majani, kata sabuni ya kawaida, kijiko kimoja kwa litre moja ya maji, koroga mpaka iyeyuke, nyunyiza jioni mahali walipo. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje kesho uone kama hayaungui.

Sasa tomati. Kuna ugonjwa unaohuzunisha sana: muti ni kijani, unaanza kuzaa, halafu katika siku mbili tatu unanyauka kama uliokosa maji, nao maji iko. Watu wengine wanasema ni jirani amefanya uchawi. Hapa tunaweza kujua kweli bila maabara. Kata kipande cha shina karibu na chini. Tia maji safi katika gilasi, shika kile kipande wima, ncha yake iguse ndani ya maji, ungoje dakika chache. Ukiona kitu cheupe kama maziwa kinatelemuka toka shina, ni bakteri ya munyauko. Si jirani.

Bakteri hiyo inaishi katika udongo, na hakuna dawa ya kunyunyiza inayoitoa. Ngoa muti pamoja na mizizi, uchome. Safisha jembe. Usipande mahali pale tomati, wala biringanya, wala pilipili, wala viazi vya Ulaya, kwa sababu hawa wote ni jamaa moja. Panda mahindi kwa misimu kadhaa. Kubadilisha mimea namna hiyo kunapunguza pia nematodi.

Kwa muhogo, majani yenye mabaka ya manjano na yaliyojikunja ni mozaiki. Hii ni virusi. Inabebwa na nzi weupe wadogo, lakini sisi wenyewe tunaibeba zaidi tunapokata vijiti vya kupanda toka muti unaougua. Chagua kijiti toka muti wenye majani mazima. Kazi hii haiombi hata franga moja. Inaomba macho tu.

3. MUDUDU ALIYEPIGANISHA MUDUDU

Mutu anaweza kusema: "Njia hizi ni za shamba dogo. Kwa shamba kubwa, dawa ni ya lazima." Tumujibu kwa historia ya nchi yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mududu mudogo mweupe, mwenye unga kama pamba, alionekana kwenye mihogo upande wa Kinshasa na Brazzaville. Alitoka Amerika ya Kusini, na huku hakukuta adui wake wa kumukula. Ncha za mihogo zilijikunja, majani yakakwisha, mizizi ikawa midogo. Kukosa sombe na kukosa muhogo ni njaa. Mududu akaenea toka nchi hadi nchi.

Je, wangenyunyiza dawa? Kwa mashamba ya mamilioni ya jamaa, kwenye majani ambayo watu wanakula? Haikuwezekana. Wachunguzi wa kituo cha IITA, kule Ibadan katika Nigeria, wakiongozwa na Muswisi Hans Rudolf Herren, walitaka kujua kwanza: huko alikotoka mududu huyu, nani anamukula? Katika 1981 mududu yule alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mudogo sana anayetaga mayai ndani ya mwili wake. Nyigu hao walichunguzwa kwanza ili ijulikane kama hawataharibu kitu kingine, halafu wakaanza kufunguliwa Nigeria mwaka ule ule wa 1981. Kisha wakapelekwa nchi nyingi za Afrika. Muhogo ukapona. Herren alipewa Zawadi ya Chakula ya Dunia katika 1995.

Fundisho kwetu ni hili: katika bustani si kila mududu ni adui. Buibui, manyigu na vidudu vyekundu vyenye madoa meusi wanakula adui zetu. Ukinyunyiza dawa kali bila sababu, unaua askari wako pamoja na mwizi. Mwizi atarudi mbele ya askari.

4. IKIWA DAWA INALAZIMIKA

Hatusemi kama dawa zote ni mbaya. Kuna saa inalazimika. Lakini hapo tufuate sheria.

Kwanza, nunua chupa ao pakiti yenye etiketi, usinunue unga wa kupimiwa. Kwenye etiketi nyingi kuna mustari wa rangi. Nyekundu: sumu kali sana. Manjano: sumu kali. Buluu: hatari kidogo. Kijani: hatari ndogo kupita zote, lakini bado inaomba uangalifu. Nyekundu isiingie katika bustani ya mboga wala katika nyumba ya mwanafunzi. Dawa zingine za zamani dunia ilikubaliana kuziacha ao kuzifunga kwa kazi chache: DDT katika mapatano ya Stockholm ya 2001, lindane katika 2009, endosulfan katika 2011. Ukikuta moja ya majina haya kwa muuzaji, usinunue.

Pili, hesabu siku za kungoja. Kila etiketi nzuri inasema ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Tufanye hesabu pamoja. Etiketi inasema siku 14. Umenyunyiza tarehe 3. Basi usikate mbele ya tarehe 17. Lakini lenga-lenga inakuwa tayari kwa siku 21 mpaka 28 tangu kupandwa. Ukinyunyiza siku ya 18, utangoja mpaka siku ya 32. Majani yamekuwa magumu, yametoa maua, hakuna mama atakayenunua. Kwa hiyo dawa ile si dawa ya lenga-lenga hata kidogo, na yule anayeitumia na kukata kesho yake anauza sumu. Kuosha kwa maji hakutoshi, sababu dawa zingine zinaingia ndani ya jani.

Tatu, linda mwili. Vaa shati la mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofungwa, kitambaa kwenye pua. Usichanganye dawa kwa mukono mutupu. Tumia kijiti, ambacho hakitarudi jikoni. Nyunyiza asubuhi ao jioni upepo ukitulia, nao ukuje toka mugongo wako. Usipulize kwa kinywa tundu la pompi lililozibika. Usile, usivute sigara mbele ya kuoga na sabuni. Mama mwenye mimba na watoto wasikaribie.

Ine, pompi isioshewe katika mto Tshopo wala kwenye chemchemi. Samaki wanakufa na watu wanachota huko. Chupa ikikwisha, ioshe mara tatu, maji yale yarudi ndani ya pompi, kisha itoboe. Tunajua bidon ni kitu cha bei hapa kwetu. Lakini bidon ya dawa haiwezi kuwa bidon ya mafuta ya ngazi ao ya maji ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi.

Mutu akipata sumu, dalili mara nyingi ni hizi: kichwa kinauma, jasho na mate mingi, kutapika, macho yanaona giza, mwili unatetemeka, pumzi inakuwa ngumu. Mutoe mahali pale, muvue nguo, mwoshe mwili kwa sabuni na maji mingi. Usimulazimishe kutapika. Usimupe maziwa wala mafuta. Hayo ni mawazo ya watu tu, hayaponyeshi. Mupeleke hospitali mbio, na uchukue etiketi mukononi, kwa sababu munganga ataomba jina la dawa. Hapa tena, jina kwanza.

5. KUKU

Kuku wa lupango wanakufa zaidi kwa ugonjwa mumoja, pesti ya kuku. Kwa Kifaransa wanaiita pseudo-peste, na wandugu wa Tanzania wanasema mdondo ao kideri. Ilijulikana katika 1926, Java na Newcastle kule Uingereza. Ni virusi. Kuku anasinzia, mabawa yanaanguka, anahara kijani, wengine wanapindua shingo. Katika siku chache kundi lote linaweza kukwisha.

Munajua sasa jibu: hakuna dawa ya kuponyesha. Kuna chanjo. Aina moja, inayoitwa I-2, inavumilia joto kuliko zingine za zamani, na inatiwa tone moja katika jicho la kila kuku. Inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Chanja kuku wazima tu. Kuku aliyekwisha kushikwa haponi kwa chanjo. Chupa moja inatosha kuku mingi, basi majirani wa avenue moja wapatane siku moja na kumwita veterineri, wagawanye bei. Na kuku mupya aliyenunuliwa sokoni akae peke yake majuma mawili mbele ya kuchanganyika na wengine.

6. NGURUWE

Pesti ya nguruwe ya Afrika iliandikwa mara ya kwanza Kenya, katika 1921, na Montgomery. Ni virusi pia. Nguruwe anapata homa kali, anakataa kula, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu ao samawi, na mara nyingi anakufa ndani ya siku chache. Karibu wote wa kibanda wanamufuata. Haipiti kwa watu, lakini inamaliza mali ya mutu kwa juma moja.

Inapita namna gani? Kwa nguruwe kugusa nguruwe, kwa kupe, kwa viatu na nguo, na zaidi kwa mabaki ya nyama. Katika 1957 virusi ilivuka toka Afrika mpaka Lisbon, katika Ureno: nguruwe wa karibu na uwanja wa ndege walipewa mabaki ya chakula cha wasafiri. Katika 2018 iliingia China. Kama mabaki yaliweza kuvusha ugonjwa kwenye bahari, mabaki ya malewa hayatashindwa kuuvusha toka avenue moja hadi ingine.

Basi fanya hivi. Jenga kibanda, nguruwe wasitembee. Mabaki ya chakula uyachemshe nusu saa kamili mbele ya kuwapa. Nyama ya nguruwe wa pori isikatwe karibu na kibanda, kwa sababu nguruwe wa pori anaweza kubeba virusi bila kuugua. Weka viatu vya kibandani peke yake. Mununuzi anayezunguka toka kibanda hadi kibanda abaki inje ya lupango.

Na hapa kuna jambo la zamiri. Nguruwe wakianza kukufa, mwenyewe anaona hasara na anataka kuuza wale waliobaki mbio mbio, kwa bei ya chini. Tunamuhurumia. Lakini nyama ile, damu yake na maji ya kuioshea vitapeleka ugonjwa katika kila lupango itakapoingia. Feza anayookoa yeye ni feza ya masomo ya watoto wa wengine. Waliokufa wazikwe ndani, zaidi ya metre moja, mbali na kisima, na veterineri aambiwe.

7. CHOO NA BUSTANI

Tumalize kwa ugonjwa unaounganisha nguruwe, mboga na sisi wenyewe: tegu wa nguruwe. Mutu mwenye tegu ndani ya tumbo anatoa mayai katika mavi. Nguruwe anayezunguka anakula mavi yale, na katika nyama yake kunaota vifuko vyeupe vidogo kama mbegu za muchele. Mutu akikula nyama ile bila kuiva, anapata tegu. Lakini mayai yakiingia katika kinywa cha mutu, kwa mikono michafu ao kwa mboga bichi zilizomwangiwa maji machafu, vile vifuko vinaweza kuota ndani ya ubongo wake. Shirika la Afya la Dunia linasema kama mahali pengi ambapo watu na nguruwe wanaotembea wanakaa pamoja, karibu 30 kwa mia ya kifafa inatoka kwa ugonjwa huu. Kifafa hicho si pepo wala laana ya jamaa.

Choo chenye shimo, kibanda kilichofungwa, nyama iliyoiva mpaka katikati, mboga bichi zilizooshwa kwa maji safi, mikono yenye sabuni: hakuna duka linalouza dawa inayopita hizi. Hata mbolea ya kuku na nguruwe isitupwe mbichi juu ya mboga. Irundike, uifunike, uigeuze, uache miezi michache mpaka iwe nyeusi na isinuke.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Mama wa jirani ananyunyiza tomati dawa yenye siku 7 za kungoja, tarehe 26 ya mwezi wa nane. Atavuna tarehe gani?
2. Kuku za mujomba wako zinapindua shingo. Anataka kununua tetrasiklini. Utamwambia nini, kwa heshima?
3. Tembea katika lupango lenu. Je, nguruwe, kuku ao mutoto anaweza kufikia mahali dawa inapowekwa?

Swali la tatu lisijibiwe kwa kalamu. Lijibiwe leo jioni kwa kufuli na musumari.